NURU CHINI YA MAJI: Jinsi ya Kuchagua Taa ya Tangi la Samaki Lenye Mimea Hai

Sisi watu wa Kendu Bay tunajua habari za taa na maji kuliko wengi. Usiku usio na mbalamwezi, ukisimama ufuoni na kuitazama Ghuba ya Winam, utaona taa za wavuvi wa omena zimetapakaa majini kama mji mwingine uliojengwa ziwani. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa. Siku hizi nyingi ni taa za LED zenye betri, na nyingine huchajiwa kwa jua. Mvuvi haweki taa ile kwa pambo. Anajua kwamba nuru huwaita wadudu na vijidudu vya majini, na vijidudu huwaita omena, na omena ndio karo ya wengi wetu tunaosoma makala haya. Kwa hiyo kuchagua taa ya kuweka juu ya maji si jambo geni hapa kwetu.

Makala haya yanahusu taa ya namna nyingine, yaani taa ya tangi la samaki lenye mimea hai. Wengine huliita tangi hilo akwariamu. Utaliona katika hoteli na maofisi kule Kisumu, na siku hizi hata katika nyumba za watu. Mengi ya matangi hayo yana mimea ya plastiki. Ukimuuliza mwenyewe kwa nini hakupanda mimea hai, atakujibu, "Ah, hiyo inakufa tu." Lakini haifi bure bure. Mara nyingi inakufa kwa njaa, na chakula inachokosa ni nuru.

Nyumbani kwetu tunalo tangi moja la vioo. Lina urefu wa sentimita 60, upana wa 30 na kimo cha 30, kwa hiyo likijaa hubeba lita 54. Nilipotaja habari ya kulinunulia taa, Mama aliniuliza maswali mawili: "Hiyo stima ya kuwashia nyasi, tokeni atanunua nani? Na wadogo zako watasomea nini usiku zikiisha?" Haya si maswali ya kuchekwa. Nyumba nyingi za hapa hununua stima kwa tokeni za mia moja mia moja, na kila uniti ina kazi yake. Basi nilichukua daftari la Biolojia na la Fizikia nikatafuta jibu. Jibu hilo ndilo ninalokuletea, hatua kwa hatua.

MMEA HULA NURU

Sote tumefundishwa usanisinuru darasani. Mmea huchukua maji na hewa ya kaboni dioksidi, ukatumia nguvu ya nuru kutengeneza sukari, kisha ukatoa oksijeni. Mmea wa majini hufanya vivyo hivyo, ila oksijeni yake huingia katika maji ambamo samaki wanapumua. Hii ndiyo faida kubwa ya mmea hai. Ule wa plastiki hautoi hewa hata punje moja. Tena mmea hai hunyonya uchafu wa samaki, hasa amonia na nitrati, ukaugeuza kuwa majani.

Habari hii si ya jana. Mwaka 1779 daktari mmoja Mholanzi, Jan Ingenhousz, alitumbukiza majani ndani ya maji na kuyaweka juani. Aliona viputo vya hewa vikitoka. Alipoyaweka gizani, viputo vilikoma. Akatambua kwamba mmea hutoa hewa njema ukiwa kwenye nuru peke yake. Mwaka 1850 mwanakemia Robert Warington wa London naye alieleza jinsi alivyowaweka samaki wawili, konokono na mmea uitwao Vallisneria katika chombo kimoja, wakaishi pamoja kwa kusaidiana. Na je, Vallisneria inapatikana wapi? Kumbe imo hapa hapa katika Ziwa Victoria! Ni yale majani marefu membamba kama utepe yanayoota chini ya maji.

Wewe pia unaweza kulifanya jaribio la Ingenhousz. Chukua chupa safi ya glasi, utie maji na tawi la Ceratophyllum, ule mmea laini wenye vijani kama mkia wa paka unaoelea bila mizizi. Uweke juani kwa dakika chache. Ukitulia utaona viputo vidogo vikipanda. Ifunike chupa kwa kitambaa cheusi, kisha urudi baadaye. Mwenye macho haambiwi tazama.

JICHO NI SHAHIDI MWONGO

Sasa tuje kwenye taa. Watu wengi hupima nuru kwa jicho. Mtu huingia sebuleni, anaona vizuri, anaweza hata kusoma gazeti, basi anasema, "Nuru iko ya kutosha." Hapo ndipo mambo huharibikia.

Jicho letu limeumbwa lijirekebishe. Kwenye jua mboni hujibana, kwenye kiza hutanuka. Ndiyo maana hatuhisi tofauti kubwa tunapoingia ndani ya nyumba. Lakini kipimo hakidanganyi. Nuru inayoangukia mahali hupimwa kwa luksi. Nje kwenye jua kali la mchana hufika luksi 100,000 hivi. Sebuleni usiku, chini ya balbu moja, mara nyingi huwa luksi mia moja tu au pungufu. Kwako wewe hiyo inatosha kusoma. Kwa mmea uliozoea jua la ikweta ni kama kumpa mtu mzima kijiko kimoja cha uji kwa siku.

Isitoshe, maji nayo hukata nuru. Sehemu ya nuru hurudishwa na uso wa maji, sehemu humezwa na maji yenyewe, na sehemu huzuiwa na tope na uchafu. Wataalamu wa maziwa hutumia kisahani kupima jambo hili. Kilibuniwa na padri na mwanafalaki wa Italia, Angelo Secchi, mwaka 1865. Hufungwa kwenye kamba na kushushwa majini mpaka kisionekane, kisha urefu wa kamba hupimwa. Hata sisi wanafunzi tunaweza kutengeneza chetu. Kifuniko cheupe cha kopo, jiwe na kamba yenye alama vinatosha. Ukikishusha katika ghuba yetu yenye maji ya tope, hutahitaji kamba ndefu. Ndani ya tangi la kimo cha sentimita 30 maji si mengi hivyo, lakini yakiwa na rangi ya chai au tope, mmea wa chini utashinda na kulala kizani.

RANGI YA NURU

Nuru nyeupe ni mchanganyiko wa rangi zote za upinde wa mvua. Mmea hauzitumii sawasawa. Mwaka 1882 mwanasayansi Mjerumani Theodor Engelmann aliangaza uzi wa mwani kwa rangi hizo, kila sehemu rangi yake. Kisha akatazama bakteria wapendao oksijeni watakusanyika wapi. Walijazana penye nyekundu na penye buluu. Hapo ndipo usanisinuru ulipokuwa ukienda kasi. Rangi ya kijani hutumika kidogo zaidi, na sehemu yake hurudishwa. Ndiyo maana majani huonekana ya kijani.

Je, ukienda dukani utajuaje? Soma pakiti ya balbu. Utaona namba kama 3000K au 6500K. Herufi K ni kelvini, kipimo cha rangi ya nuru. Balbu ya 3000K hutoa nuru ya manjano kama ya koroboi. Ile ya 6500K hutoa nuru nyeupe kama ya mchana. Kwa tangi la mimea chagua kati ya 5000K na 6500K hivi. Si kwamba mmea utakufa chini ya nuru ya manjano, la. Ila nuru nyeupe ina buluu na nyekundu kwa kiasi cha haja, na majani na samaki huonekana kwa rangi zao halisi.

Taa nyingi nyeupe za LED hutengenezwa kwa chembe itoayo nuru ya buluu, ikafunikwa kwa unga wa manjano unaogeuza sehemu ya buluu kuwa rangi nyingine. Kwa hiyo buluu huwa si haba. Zile taa ghali za zambarau zinazouzwa ati ni za mimea pekee si lazima kwa tangi la nyumbani. Mmea utakua, sikatai, lakini samaki wako wataonekana kama wamepakwa wino.

Na rangi ya nuru si jambo dogo kwa samaki wenyewe. Katika Ziwa Victoria, upande wa Mwanza, kuna fulu wawili walio karibu kama ndugu. Mmoja dume lake lina buluu, naye huitwa Pundamilia pundamilia. Mwingine dume lake lina wekundu, naye huitwa Pundamilia nyererei, kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere. Ndiyo, wana wa Kiswahili, samaki hao wanajulikana duniani kote kwa jina la lugha yetu! Wataalamu Ole Seehausen na Jacques van Alphen walieleza mwaka 1998 kwamba chini ya nuru nyeupe kila jike lilichagua dume la aina yake. Chini ya nuru ya rangi ya chungwa pekee, majike yalishindwa kuwatofautisha. Mwaka uliotangulia, 1997, wao na mwenzao Frans Witte walikuwa wameonya kwamba maji ya ziwa yakichafuka, nuru hupoteza rangi zake, na aina mbalimbali za fulu huanza kuchanganyikana na kupotea. Hawa ni fulu ambao tayari walikuwa wameangamizwa kwa wingi katika miaka ya 1980, baada ya mbuta kuletwa ziwani miaka ya 1950 na 1960. Basi ukidhani nuru ni pambo tu, fikiri tena.

KIASI GANI KINATOSHA?

Hapa watu wengi hukosea kwa kutazama wati. Wati ni stima inayoliwa, si nuru inayotolewa. Nuru inayotoka kwenye taa hupimwa kwa lumeni, na namba hiyo nayo iko kwenye pakiti. Balbu ya kizamani yenye waya hutoa lumeni 10 hadi 15 hivi kwa kila wati, na nguvu nyingine yote hugeuka joto. Tyubu ndefu hutoa kama 60 hadi 90. LED nzuri hutoa 80 hadi 100, na nyingine hupita hapo. Kwa hiyo balbu ya LED ya wati 9 hutoa karibu lumeni 800, sawa na balbu ya kizamani ya wati 60.

Wafugaji wa samaki wa mapambo hutumia kanuni nyepesi ya kukadiria. Si sheria ya Fizikia, bali ni mwongozo:

1. Mimea isiyotaka makuu: lumeni 10 hadi 20 kwa kila lita ya maji.
2. Mimea ya wastani: lumeni 20 hadi 40 kwa lita.
3. Mimea yenye uchu, hasa mingi ya rangi nyekundu: zaidi ya 40 kwa lita.

Tangi letu la lita 54, kwa mimea ya wastani, linataka angalau 54 mara 20, yaani lumeni 1,080. Balbu moja ya LED ya lumeni 800 haitoshi. Mbili hutoa 1,600, sawa na karibu 30 kwa lita. Lakini kumbuka balbu hutupa nuru kila upande, hata darini ambako hakuna mmea. Kwa hiyo tengeneza kifuniko chenye bati jeupe au karatasi ya kung'aa upande wa ndani, ili nuru irudishwe chini. Taa bapa za LED zinazoelekeza nuru upande mmoja zina nafuu hapo.

Umbali nao una neno lake. Taa ndogo ukiiinua mara mbili ya kimo cha kwanza, nuru inayofika mahali pale pale hupungua hadi karibu robo, si nusu. Hivyo usiitundike taa darini ukategemea mimea ipone. Iweke sentimita chache tu juu ya kifuniko cha kioo.

MASWALI YA MAMA: HESABU YA TOKENI

Sasa tujibu lile swali la tokeni. Uniti moja ya stima ni wati 1,000 zikitumika kwa saa moja. Tuseme taa inawaka saa 8 kwa siku, siku 30 kwa mwezi. Ukitaka nuru ile ile ya lumeni 1,600 hivi:

Balbu 2 za kizamani za wati 60 kila moja: wati 120 mara saa 8 ni 960. Kwa siku 30 ni uniti 28.8.

Balbu 2 za LED za wati 9 kila moja: wati 18 mara saa 8 ni 144. Kwa siku 30 ni uniti 4.32.

Tofauti ni mbingu na ardhi. Hata hivyo, uniti 4.32 si sifuri, na Mama si mtu wa kudanganywa kwa desimali. Nikazunguka nyumba nzima nikasoma balbu moja moja. Jikoni palikuwa na balbu ya kizamani ya wati 60 inayowaka kama saa 5 kila usiku. Hiyo peke yake hula uniti 9 kwa mwezi. Tukiweka LED ya wati 9 mahali pake, itakula uniti 1.35. Tumeokoa uniti 7.65. Ukitoa zile 4.32 za tangi, bado nyumba inabaki na uniti 3.33 ambazo zamani zilikuwa zikigeuka joto la bure. Hapo ndipo jibu la swali la pili lilipopatikana pia, maana wadogo zangu hawakupoteza nuru yao ya kusomea. Mama alizisoma hesabu zile mara mbili, akatoa pesa za balbu tatu.

Nakushauri nawe ufanye hivyo kabla ya kununua taa yoyote. Kwanza tafuta kule nyumbani stima inakovuja. Haba na haba hujaza kibaba.

SAA NGAPI KWA SIKU?

Kendu Bay iko karibu kabisa na ikweta. Mwaka mzima jua letu huchomoza kati ya saa 12:20 na 12:50 asubuhi, na kutua wakati kama huo jioni. Mimea yetu imezoea mchana wa saa 12. Hata hivyo ndani ya tangi haihitaji taa saa zote hizo. Anza na saa 6 kwa siku katika majuma ya kwanza, mimea inapoota mizizi, kisha ongeza hadi 8. Ukiona yote ni shwari, unaweza kufika 10.

La muhimu ni kuwasha na kuzima kwa saa maalum. Leo saa 4, kesho saa 14, hiyo si nidhamu. Ukipata swichi ya saa inayojiwasha yenyewe, vizuri. Ukikosa, chagua wakati ambao watu wako nyumbani. Sisi huwasha saa 8 mchana na kuzima saa 4 usiku.

Usiiache taa usiku kucha. Samaki wanahitaji giza wapumzike. Mmea nao usiku huacha kutoa oksijeni, huku ukiendelea kuitumia kama sisi. Ndiyo maana tangi lenye mimea mingi mno na samaki wengi mno linaweza kuwa na oksijeni kidogo alfajiri. Ukiwaona samaki wako wanapanda juu kabla ya kucha, wakihema kwa midomo, punguza idadi ya samaki na yale majani yaliyozidi, na uyatibue maji kwa kikombe.

NURU IKIZIDI

Wengine watasema, "Basi nitaweka taa kubwa nimalize kazi." Ngoja kwanza. Nuru ni kama mwito wa kazi. Ukimwita mmea afanye kazi kwa kasi bila kumpa hewa ya kaboni dioksidi na mbolea ya kutosha, atachoka. Kazi itachukuliwa na mwani, ambao hautaki mengi. Vioo vitakuwa kijani, majani yatavaa nyuzi, na maji yenyewe yatageuka kama supu ya mboga.

Anayetaka kuona mwani ukitawala aende Simbi Nyaima, kilomita chache kutoka mjini kwetu. Wazee husimulia kwamba kijiji kizima kilididimia pale baada ya kumnyima ajuza mgeni ukarimu. Wanasayansi husema ni shimo la volkeno lililojaa maji ya magadi. Vyovyote vile, maji yale mara nyingi ni ya kijani kizito kwa vijimea vidogo mno, chakula cha heroe wanaokuja pale. Jua liko tele, virutubisho viko tele, lakini nuru haifiki mbali chini kwa sababu imemezwa yote juu. Kwa heroe ni karamu. Kwa mmea wa chini ya tangi lako ni kaburi.

Dalili za kutazama ni hizi. Shina likirefuka jembamba huku majani yakiachana, mmea unaitafuta nuru, ongeza. Majani ya chini yakioza ilhali ya juu ni mazima, huenda ya juu yanayakinga, punguza kwa mkasi. Kioo kikiota ukijani kila baada ya siku mbili, punguza saa za taa, punguza chakula cha samaki na ubadilishe sehemu ya maji. Badilisha jambo moja kwa wakati mmoja, kisha ungoje juma moja au mawili. Mmea hauna haraka kama sisi.

KWA WASIO NA STIMA

Si kila nyumba ina stima, na hata penye stima hupotea. Dirisha linaweza kusaidia. Weka tangi mahali penye mwangaza mwingi wa mchana lakini jua lenyewe lisilipige zaidi ya saa moja au mbili za asubuhi. Jua la mchana kutwa huleta mwani na kuyachemsha maji, hasa chini ya paa la mabati. Ceratophyllum huishi vizuri karibu na dirisha.

Njia nyingine ni sola. Betri ya volti 12 yenye alama 7Ah ina wati-saa 84 kwenye karatasi, lakini betri ya risasi haitakiwi kukamuliwa yote, kwa hiyo hesabu nusu, yaani 42. Hiyo itawasha taa ya LED ya wati 5 kwa saa 8. Tangi dogo la lita 20 lenye mimea isiyotaka makuu litatosheka. Stima ikipotea siku moja au mbili, usiwe na wasiwasi juu ya mimea. Hata ziwani kuna siku za mawingu. Wahurumie samaki kwanza. Usiwalishe sana, na uyatibue maji.

Juu ya yote, chunga uhai wako. Stima yetu ni ya volti 240, nayo haina urafiki na maji. Zima swichi kabla ya kutia mkono ndani ya tangi. Waya uning'inie chini kidogo kabla ya kupanda kwenye soketi, ili tone la maji lidondoke sakafuni badala ya kuingia soketini. Funika tangi kwa kioo. Waya uliochubuka mwite fundi, usiufunge kwa karatasi ya nailoni.

MIMEA GANI, NA ONYO MOJA

Ya kuanzia ninapendekeza Ceratophyllum na Vallisneria, kwa kuwa ni ya ziwa letu na imezoea maji yetu. Ukipata Anubias, mmea wa asili ya Afrika Magharibi na ya Kati, huo huishi hata penye nuru hafifu, ila hukua polepole kama kobe. Kuhusu samaki, muulize kwanza afisa wa uvuvi ni yupi unayeruhusiwa kumtoa ziwani.

Onyo langu ni hili. Gugumaji lililotutesa lilitoka Amerika Kusini, na lilisambazwa duniani kwa sababu ya ua lake zuri, watu wakilipanda vidimbwini kama pambo. Mwaka 1998 lilikuwa limefunika takriban hekta 17,000 za Ghuba ya Winam. Mashua zilikwama, wavuvi wakalala njaa, na chini ya zulia lile nuru ikakatika kwa mimea ya ndani ya maji. Kwa hiyo usipande gugumaji, na usimwage mmea wowote wa kigeni wa tangi lako mtoni, mtaroni wala ziwani. Ukizidi, uanike juani ukauke kabisa, kisha uufukie shambani uwe mbolea.

Kwa muhtasari, msomaji wangu: pima tangi kwa lita, chagua mimea kwanza na taa baadaye, soma lumeni badala ya wati, tafuta nuru nyeupe ya 5000K hadi 6500K, anza na saa 6, na piga hesabu ya uniti kabla ya kufungua mkoba. Mwenye chupa ya glasi na tawi la Ceratophyllum anaweza kuanza leo, bila hata senti. Shime wenzangu! Ziwa letu limetiwa giza kwa miaka mingi, kwa tope na kwa magugu. Atakayelisafisha kesho ni lazima ajue leo mmea mmoja mdogo wa majini unahitaji nuru kiasi gani ili uishi.